Padre Lagrange anastahili kukumbukwa hata huku kwetu Ziwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimzungumzie mtu ambaye sijaona parokia, shule wala kwaya hapa Mwanza iliyopewa jina lake, ingawa matunda ya kazi yake tunayala kila juma tunapokaa katika jumuiya zetu ndogo ndogo na kufungua Biblia. Ni Padre Marie-Joseph Lagrange, mtawa wa Shirika la Wadominiko, mzaliwa wa Ufaransa na mtaalamu wa Maandiko Matakatifu, aliyefariki dunia tarehe 10 Machi 1938. Siku ya kifo chake imepita tena mwaka huu bila hata nia ya misa kutajwa, na hilo halinishangazi, maana wasomi hawabebwi kwa maandamano wala sura zao hazichapishwi kwenye vitenge. Hata hivyo naamini kwamba sisi wa kanda ya Ziwa tuna sababu zetu wenyewe za kumkumbuka, na naomba kuzieleza.

Lagrange alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Bourg-en-Bresse. Alisomea sheria hadi kupata shahada ya udaktari, kisha akaiacha njia ya mahakama na kuingia utawani mwaka 1879. Mwaka uliofuata serikali ya Ufaransa iliwafukuza watawa, Wadominiko wakakimbilia Hispania, na huko ndiko alikopewa upadre mwaka 1883. Wakubwa wake walimpeleka Vienna kujifunza lugha za Mashariki ya kale, na kabla hajamaliza wakamwagiza aende Yerusalemu kufungua shule ya Biblia. Alifika huko tarehe 10 Machi 1890, miaka 48 kamili kabla ya siku ya kifo chake. Shule ilifunguliwa tarehe 15 Novemba mwaka huo huo, katika jengo lililokuwa machinjio ya mji, ikiwa na meza, ubao na ramani. Jina alilolichagua liliieleza kuwa shule ya mafunzo ya Biblia kwa vitendo, na neno hilo la vitendo halikuwa pambo. Wanafunzi walisoma Kiebrania na Kiaramu darasani, halafu wakafunga safari kwa ngamia na farasi kwenda Sinai, Petra na ng'ambo ya Yordani, wakinakili maandishi ya kwenye mawe na kupima magofu, ili anayefafanua habari za Kutoka awe ameliona jangwa lenyewe.

Msomaji anaweza kuuliza mambo hayo ya Yerusalemu yanahusiana vipi na Mwanza. Yanahusiana kwa karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1878 Askofu Mkuu Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali, alituma Mapadre Weupe wa kwanza kuja katika ziwa hili la Viktoria, nao wakafika Kageye mwishoni mwa mwaka huo. Na mwaka huo huo wa 1878 shirika lile lile lilikabidhiwa kanisa la Mtakatifu Anna mjini Yerusalemu, mwendo mfupi tu kutoka mahali ambapo baadaye Lagrange angefungua shule yake. Lagrange alipokuwa akitafuta madawati, huku Bukumbi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1883, Padre Jean-Joseph Hirth alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu mwaka ule ule wa 1890. Kanisa moja lilikuwa likifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huku likiwafundisha watu kusali, na kule likijifunza upya namna ya kukisoma kitabu ambacho sala hizo zimetoka. Ile kazi ya kwanza tunaiadhimisha kwa jubilei, ngoma na nyama choma. Ile ya pili hatujawahi kuitolea hata semina ya nusu siku.

Nitatoa mfano mmoja wa jinsi pengo hilo linavyoonekana. Katika jumuiya yetu tulisoma sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, na kijana mmoja wa kidato cha tatu akauliza jambo ambalo nadhani kila msomaji makini amewahi kujiuliza: inakuwaje nuru iumbwe siku ya kwanza, usiku na mchana vitengwe, jioni ipite na asubuhi ije, ilhali jua linaumbwa siku ya nne? Mzee mmoja, mcha Mungu kweli na simlaumu, alimjibu kwamba mambo ya Mungu hayaulizwi. Kijana akanyamaza, tukaimba wimbo, tukatawanyika. Kwa bahati mbaya, anayenyamazishwa namna hiyo haachi kuuliza. Anahamisha swali lake tu. Atalipeleka kwa mhubiri wa kipaza sauti pale sokoni, ambaye atamwambia kwamba sayansi yote ni uongo, au atalipeleka kwenye simu yake, ambako ataambiwa kwamba Biblia yote ni uongo. Hawa wawili wanaonekana kuwa maadui, lakini wamekubaliana katika jambo moja, kwamba sura ile ni taarifa ya matukio iliyopangwa kwa tarehe, na kwamba hakuna namna nyingine ya kuisoma.

Kosa hilo ndilo Lagrange alilopambana nalo maisha yake yote. Alishikilia kwamba Mungu alisema kwa kutumia watu halisi wa zama zao, wenye lugha yao, desturi zao na namna zao za kusimulia, na kwamba kabla ya kuuliza kama maneno fulani ni ya kweli, sharti kwanza tuulize mwandishi alikuwa anafanya nini alipoyaandika. Kijana wetu angeonyeshwa kwamba zile siku sita zimepangwa kwa safu mbili zinazotazamana. Siku tatu za kwanza Mungu anatenga: nuru na giza, maji ya juu na ya chini, bahari na nchi kavu. Siku tatu zinazofuata anavijaza vile alivyovitenga, kwa mpangilio ule ule: mianga ya mbinguni kwa ajili ya mchana na usiku, ndege na samaki kwa ajili ya anga na maji, wanyama na binadamu kwa ajili ya nchi kavu. Jua limewekwa siku ya nne kwa sababu nafasi yake katika mpango huo iko hapo, na pia kwa sababu mwandishi aliishi kati ya mataifa yaliyoliabudu jua na mwezi, naye alitaka ieleweke kwamba hivyo ni viumbe tu, taa zilizotundikwa na Muumba kwa kazi maalumu. Halafu sura ya pili inaanza upya kwa mpangilio mwingine kabisa, mtu akiumbwa kabla ya bustani na kabla ya wanyama, na wahariri wa zamani waliozikusanya habari hizo mbili waliziacha zikae pamoja bila kuona aibu. Wasukuma hawahitaji kufundishwa sana jambo hili. Bibi anaposimulia jinsi kijana Masala Kulangwa alivyoliua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu wote waliomezwa, hakuna mjukuu anayemuuliza lilitokea mwaka gani, na hakuna anayeondoka akisema bibi ametudanganya. Simaanishi kwamba Mwanzo ni hadithi ya jioni. Nasema kwamba sikio la kutofautisha aina za masimulizi tunalo tayari, ila tukiingia jumuiya tunaliacha mlangoni.

Mambo hayo leo yanafundishwa katika seminari zote. Wakati wa Lagrange yalimgharimu, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu katika maisha yake sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1892 alianzisha jarida la Revue Biblique. Mwaka 1897, katika mkutano wa wasomi Wakatoliki huko Fribourg, Uswisi, alisoma mada iliyoeleza kwamba vitabu vitano vinavyoitwa vya Musa vimekusanywa kutoka vyanzo mbalimbali, na ilipochapishwa jaridani mwaka uliofuata, kelele zilianza. Mwaka 1902 alitoa mihadhara mjini Toulouse kuhusu mbinu ya kihistoria katika kusoma Agano la Kale, ikatoka kuwa kitabu mwaka 1903. Mwaka huo huo Papa Leo XIII, aliyekuwa ameunda Tume ya Biblia mwaka uliotangulia, alimteua Lagrange kuwa mmoja wa washauri wa tume hiyo. Ungedhani amefika. Lakini papa huyo alifariki dunia katikati ya mwaka 1903, na hali ya hewa Roma ikabadilika.

Kulikuwa na sababu ya woga ule, na haki inatutaka tuitaje. Padre Alfred Loisy, msomi Mfaransa mwenye kipaji kikubwa, alikuwa ametumia mbinu zinazofanana na za Lagrange akafikia hitimisho lililoondoa sehemu kubwa ya imani yenyewe, hata akatengwa na Kanisa mwaka 1908. Machoni pa wengi, atumiaye panga lile lile ni jambazi yule yule. Lagrange alijikuta akipigwa kutoka pande mbili: wafuasi wa Loisy walimwona mwoga, na walinzi wa mapokeo walimwona Loisy mwingine aliyevaa kanzu ya Kidominiko. Ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo, kazi ya miaka mingi, ulikataliwa kibali cha kuchapishwa mwaka 1907. Haukutoka kamwe akiwa hai. Msomi mwingine angeweza kuupeleka kwa mchapishaji asiyejali vibali, na wachapishaji hao walikuwepo. Yeye aliuweka kando, akafunga Agano la Kale ambalo ndilo alilolisomea, akageukia Injili, na mwaka 1911 akatoa ufafanuzi wa Marko wenye mamia ya kurasa.

Pigo jingine lilifuata. Katikati ya mwaka 1912 idara mojawapo ya Roma ilitoa tamko lililozuia baadhi ya vitabu vyake kutumika katika seminari. Lagrange aliandika kumhakikishia Papa utii wake, akaondoka katika shule aliyoianzisha kwa mikono yake, akarudi Ufaransa bila kujua kama angeiona tena Yerusalemu. Mwaka uliofuata alirudishwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, Waturuki waliotawala Yerusalemu wakawafukuza watawa Wafaransa, na vita ilipokwisha akaanza upya. Ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi ulitoka mwaka 1916, Wagalatia 1918, Luka 1921, Mathayo 1923, Yohane 1925. Mtu aliyezuiwa kusema kuhusu kitabu kimoja aliwaachia wasomaji wake Injili zote nne.

Najua wapo watakaosoma habari hii na kuona udhaifu: kwa nini hakupigania haki yake? Wengine wataona kinyume, kwamba heri Kanisa lilimnyamazisha, kwa sababu usomi unapoza imani. Wote wawili sikubaliani nao. Lagrange hakubadilisha hata mara moja msimamo wake kwamba ukweli wa historia na ukweli wa imani haviwezi kugongana, kwa kuwa chanzo chake ni Mungu mmoja. Alichokataa ni kuujenga msimamo huo juu ya vifusi vya umoja wa Kanisa. Na kuhusu imani kupoa, watawa walioishi naye walimshuhudia mtu wa rozari na wa kusali usiku, aliyeitanguliza ibada mbele ya dawati. Nakiri kwamba zipo hoja zake ambazo wasomi waliomfuata wameziacha. Hilo ni jambo la kawaida kwa kila mwanasayansi, naye mwenyewe asingetaka vitabu vyake vigeuzwe kuwa Biblia ya pili.

Hakuishi kuona mavuno. Afya ilimlazimisha kuondoka Yerusalemu mwaka 1935, akafia Saint-Maximin, konventi ile ile aliyoanzia maisha yake ya utawa. Miaka mitano baada ya kifo chake, tarehe 30 Septemba 1943, Papa Pio XII alitoa waraka uliowahimiza wasomi Wakatoliki kurudi kwenye lugha za asili za Maandiko na kuzingatia aina za uandishi za watu wa kale, yaani karibu yale yote ambayo Lagrange aliyatilia mkazo tangu mwanzo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyathibitisha katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu ya tarehe 18 Novemba 1965, ambayo pia iliagiza kwamba njia ya kuyafikia Maandiko Matakatifu ifunguliwe wazi kwa waamini wote. Katika ukumbi ule wa Mtaguso alikuwepo askofu wetu wa Mwanza, Joseph Blomjous, aliyeanzisha taasisi ya Nyegezi iliyokuja kuzaa chuo kikuu tulichonacho leo. Shule ya Yerusalemu ilitoa Biblia maarufu yenye jina la mji huo, iliyokamilika katika juzuu moja mwaka 1956, na mapadre wengi wa kwetu wanayo rafuni kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Mwaka 1967 mwili wa Lagrange ulihamishwa kutoka Ufaransa ukazikwa katika basilika ya Mtakatifu Stefano, ndani ya eneo la shule yake.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji, walimweka mvuvi, mama lishe na mwalimu wa msingi mbele ya Biblia iliyofunguliwa, wakitakiwa kuisoma na kusema kitu. Babu zangu waliobatizwa na wamisionari walijua Katekisimu kwa moyo lakini hawakuwa na Biblia nyumbani. Sisi tunayo. Tulichokosa ni yale mafunzo yanayokwenda nayo, na nitatumia mfano wa ziwa kwa kuwa ndilo tunalolijua. Mvuvi wa Mwaloni Kirumba akisoma Marko sura ya 4, Yesu akisema jioni wavuke mpaka ng'ambo, anaona ziwa lake: ng'ambo kwake ni Bukoba, usiku mzima kwa meli. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana usiozidi 13. Ziwa Viktoria lingelimeza zaidi ya mara 400. Hilo la Galilaya liko mita zaidi ya 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na miinuko, na upepo ukishuka kutoka nyanda za juu unalichafua ghafla hata pale ambapo anga lilikuwa shwari saa moja kabla. Mvuvi akiyajua hayo, ataelewa ni kwa nini wale wanafunzi wanne wavuvi, watu waliozaliwa kando ya maji, walikumbwa na tufani bila kutarajia, na ataelewa pia kwamba kuvuka usiku kulikuwa safari fupi ya kawaida kwao. Ramani ya shilingi elfu chache iliyobandikwa ukutani ingetosha kwa hilo. Nimesali katika vigango vingi vya pwani hii, na nyingi ya kuta hizo zina kalenda tatu na hazina ramani hata moja.

Ombi langu basi ni dogo, na nalielekeza kwa mapadre, kwa walimu wa seminari na vyuo vyetu, na kwa makatekista wenzangu. Lagrange bado hajatangazwa Mwenye Heri. Mchakato ulifunguliwa miaka ya 1980 na anaitwa Mtumishi wa Mungu, kwa hiyo siombi ibada ya hadhara wala picha yake altareni, jambo ambalo Kanisa halijaruhusu. Naomba kwamba tarehe 10 Machi itumike kila mwaka kwa mafunzo ya Biblia ya makatekista na viongozi wa jumuiya, siku nzima, akiwepo mtu aliyesomea Maandiko na aliye tayari kuulizwa kila swali, likiwemo lile la nuru na jua. Wanafunzi wanaojua Kifaransa wangeweza kututafsiria kurasa chache za ufafanuzi wake wa Marko, kwa sababu sijaona hata ukurasa mmoja wake kwa Kiswahili, na sioni kwa nini msomi wa Injili abaki mali ya wanaosoma lugha za Ulaya tu.

Watakaosema kalenda ya jimbo imejaa, nawaomba waangalie tarehe hiyo vizuri. Pasaka ihame inavyohama, Jumatano ya Majivu haivuki kamwe tarehe 10 Machi, na Pasaka haitangulii tarehe 22. Maana yake siku hiyo iko ndani ya Kwaresima kila mwaka, wakati ambapo jumuiya zinakutana tayari, vijitabu vya tafakari vimeshagawiwa, na makatekista wanaitwa parokiani kuandaa wabatizwa wa Pasaka. Haihitaji kikao kipya wala bajeti ya usafiri.

Katekista mstaafu,
Nyegezi, Mwanza.